Gurudumu Moja na Wenzake Watatu: Safari ya Makina na Kawangware

Mtu wa Pwani anapotaja Nairobi, aghalabu hutaja sehemu chache anazozijua: Msikiti wa Jamia anaposali Ijumaa, Eastleigh anaponunua nguo za sikukuu, South C wanakoishi jamaa waliohamia bara kwa kazi, na Syokimau anapopandia treni ya kurudi nyumbani. Kibera na Kawangware huzisikia redioni, na mara nyingi kwa habari za moto au za vurugu. Ni nadra kupata mwenzetu aliyekwenda huko kwa miguu yake, akaketi, akala, akasali, akafanya biashara. Nasi tulifanya yote hayo kwa siku moja, kwa sababu mbili zisizofanana: mtoto aliyezaliwa na tairi lililopasuka.

Tulikuwa tumekwenda Makina kumtazama mzazi. Mke wa mpwa wetu, binti wa Kinubi, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na desturi yetu haimruhusu shangazi kutuma salamu za simu tu. Dada yangu ndiye aliyekuwa akiendesha gari lake, Subaru Forester la mwaka 2006, na nyuma walikaa wanawe watatu. Safari ya kurudi Mombasa ilipangwa alfajiri ya siku ya pili, kwani skuli zilikuwa zinafunguliwa.

Makina ni moyo wa Kibera ya zamani. Askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, walianza kukaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi kwamba eneo hili, lililokuwa na ekari zaidi ya 4,000, ni la askari hao na familia zao. Wao waliliita Kibra, neno lenye maana ya msitu katika lugha yao ya Kinubi, ambayo msingi wake ni Kiarabu. Mtaa wa Laini Saba ulipata jina lake kutokana na uwanja wa shabaha wa askari. Miaka ilivyopita ardhi ilimegwa kidogo kidogo, mitaa mipya ikajengwa, watu wa makabila yote wakaja kutafuta riziki, na Wanubi wakabaki wachache katika mahali walipopapa jina. Mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya kumiliki ardhi ya ekari 288.

Mgeni kutoka Mombasa au Malindi haoni ugeni mkubwa katika nyumba ya Kinubi. Wanawake hujifunga gurbaba kama sisi tunavyojifunga leso. Chakula hufunikwa kwa kawa zilizosukwa kwa rangi kali. Tuliandikiwa gurusa, ule mkate mwembamba wa chuma, na mchuzi wa nyama, na adhana ya adhuhuri ilipolia hapakuwa na haja ya kuuliza kibla. Bibi mwenye nyumba, ajuza aliyezaliwa Makina na ambaye baba yake pia alizaliwa hapo, alituambia kwamba utotoni mwao walikuwa wakiokota kuni katika miti iliyofunika bonde lote. Leo bonde hilo ni mabati, na reli hupita katikati yake. Ni njia ile ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Treni ya mizigo inapopita, wachuuzi huondoa bidhaa zao relini bila ya haraka, kisha huzirudisha.

Barabara za hapa ni suala la maisha. Mwaka 2018 mamia ya nyumba, pamoja na skuli, zilibomolewa ili kupisha njia inayounganisha barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata. Njia mpya ni pana na laini, lakini ukiiacha na kuingia ndani, unakutana na vichochoro vyenye mitaro ya maji isiyofunikwa, ambayo kingo zake zimetiwa vyuma. Tulipokuwa tukitoka, tukimpisha mkokoteni wa maji, gurudumu la nyuma la kushoto lilikwaruza ukingo kama huo. Tulisikia mlio mmoja, mfano wa kitambaa kinachochanwa, na gari likainamia upande.

Fundi wa pancha hakuwa mbali. Katika Nairobi yote, popote palipo na tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya njia, hapo pana fundi, pampu ya upepo, na beseni la maji ya kutafutia tundu. Kijana huyo alilitazama tairi, akapitisha kidole katika mpasuko wa ubavuni, akatikisa kichwa.

"Mama, shimo la msumari ningeziba. Ubavu siwezi," alimwambia dada yangu. "Nikishona hapa nitakula pesa yako, lakini Voi hamfiki."

Inafaa kueleza maneno yake, maana ndani yake mna elimu ambayo kila mwenye gari anaihitaji. Sehemu ya tairi inayokanyaga ardhi ni nene, na ndani yake mna nyuzi za chuma. Tundu la msumari lisilozidi kama milimita 6 likiwa katika sehemu hiyo huweza kuzibwa vizuri, hasa tairi likivuliwa na kiraka kikatiwa kwa ndani. Ubavu ni habari nyingine. Ni mwembamba, hauna chuma cha kuushikilia, na kila gurudumu linapozunguka ubavu hukunjwa na kukunjuka. Mshono wa ubavuni huweza kushikilia mjini, mahali pa mwendo wa pole. Katika barabara ya Mombasa, chini ya jua la Tsavo, na gari limejaa watoto, mshono huo ni amana mbaya.

Kijana alitufungia tairi la dharura, lile jembamba linalolazwa chini ya mkeka wa buti. Kisha alifanya jambo ambalo hatukulitarajia. Alifungua boneti, akatafuta kisanduku kidogo chenye herufi FWD, akachomeka fyuzi humo. Taa ndogo ikawaka mbele ya dereva. "Sasa gari inavuta mbele peke yake," alisema. "Ukiacha ivute zote nne na hii tairi ndogo, difu italia." Alituonya tusizidishe mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tusiende mbali, na tuitoe fyuzi hiyo tukishapata tairi kamili. Kisha akatuelekeza Kawangware, kwa fundi ambaye, kwa maneno yake, "anapima kabla ya kuuza".

Kutoka Makina mpaka Kawangware si mbali. Tulipita kando ya soko la Toi, ambalo limeungua na kujengwa tena mara kadhaa, na ambapo nguo za mtumba hupangwa kwa ustadi wa maduka makubwa. Tukaingia barabara ya Ngong, tukaupita uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, na tulipofika Dagoretti Corner tukakata kulia kufuata barabara ya Naivasha. Punde majumba yenye bustani yakabaki upande mmoja wa macho, na upande wa pili ukajaa vibanda, magari ya namba 46 yanayoita abiria, moshi wa mahindi ya kuchoma, na mafundi wa kila aina. Ni ajabu jinsi Kawangware ilivyokaa ubavuni mwa Lavington: mtaa wa matajiri na mtaa wa mafukara hutenganishwa na mwendo wa dakika chache, na asubuhi na jioni watu huvuka kutoka huku kwenda kule kufua, kupika, kulinda na kupalilia.

Jina la Kawangware husemwa kuwa latokana na ngware, ndege ambaye sisi twamwita kwale. Hatukumwona kwale hata mmoja. Tuliona matairi. Yalirundikwa mbele ya vibanda kama mitungi sokoni, mapya yakiwa bado na karatasi zao, na makuukuu yakiwa yamepakwa rangi nyeusi ili yang'ae. Zamani matairi mengi ya Kenya yalitengenezwa hapa hapa Nairobi, yakiuzwa kwa jina la Yana, lakini kiwanda hicho cha Sameer Africa kiliacha kuyatengeneza mwaka 2016. Tangu hapo madukani yametapakaa matairi ya nchi nyingi na majina mengi, na mtu aliyenunua matairi manne ya aina moja miaka miwili iliyopita huenda asiipate aina hiyo tena leo.

Muuzaji wa kwanza alitukaribisha kwa bashasha. Alikuwa na tairi jipya la kipimo chetu, 215/60R16, na alitaka shilingi 9,500. Shemeji yangu, aliyekuwa Mombasa, aliposikia habari hiyo kwa simu, alisema, "Nunueni hilo jipya, mmalize. Jipya halina shaka." Kwa mtu yeyote mwenye akili, shauri hilo lina mantiki. Na kama gari lingekuwa la aina nyingine, huenda lingetosha. Hata hivyo tuliyakumbuka maneno ya kijana wa Makina kuhusu difu itakayolia, tukaomba radhi, tukaenda kumtafuta fundi anayepima.

Tulimkuta mtu mzima, mikono imekolea masizi ya mpira, ameketi juu ya tairi la lori akinywa chai. Hakuuliza tuna pesa kiasi gani. Alichukua kijiti chembamba chenye alama, akakitia katika mifereji ya kila tairi lililobaki, moja baada ya jingine, akasoma kwa sauti: "Nne. Nne. Nne." Yaani matairi matatu yaliyobaki yalikuwa na meno ya kina cha milimita 4. Tairi jipya la aina hiyo huwa na kama milimita 8.

"Mama, hawa watatu wamekula pamoja," alimwambia dada. "Wamezeeka pamoja. Ukileta kijana mmoja katikati yao, atawasumbua."

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe, nami nitajaribu kulieleza kama tulivyolielewa sisi, wanawake wawili tusio na elimu ya ufundi, tukisimama juani kandokando ya barabara ya Naivasha.

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kwa hiyo magurudumu hayawezi kuzunguka kwa idadi moja. Treni inayopita Kibera ina magurudumu mawili yaliyokazwa katika chuma kimoja, na hutatua tatizo hilo kwa sababu nyuso za magurudumu yake zimechongwa kwa mteremko kama pia, hata gurudumu la nje huegemea mahali penye unene zaidi linapozunguka kona. Gari hutumia difu: mkusanyiko wa gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili na kuyaruhusu yapishane mwendo. Katika gari la kawaida, difu ni moja, na magurudumu mawili tu ndiyo yanayovuta. Katika gari linalovuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, pana difu ya mbele, difu ya nyuma, na katikati yake kifaa kingine kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kifaa hicho cha katikati kimeundwa kustahimili kupishana kwa muda mfupi: kona, tope, mchanga. Hakikuundwa kustahimili kupishana kusikokoma.

Tairi lenye meno marefu zaidi ni kubwa zaidi, ingawa jicho halioni. Tofauti ya milimita 4 ya kina huongeza mzingo wa tairi kwa kama milimita 25. Tairi la kipimo chetu likiwa jipya huzunguka kama mara 479 kwa kilomita moja. Likiwa limeliwa milimita 4, huzunguka kama mara 485. Mizunguko sita ni midogo, lakini kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni kama kilomita 480, na katika mwendo huo tairi jipya lingepishana na wenzake karibu mara 2,800. Muda wote huo vifaa vya ndani vingekuwa vinasuguana na kupata moto, bila ya kona wala tope la kuhalalisha taabu hiyo. Mafuta ya giaboksi huungua, bamba za ndani huchakaa, na dalili huja pole pole: mlio wa kulalama, harufu ya kuungua, gari kujishikilia linapokata kona ya karibu kana kwamba breki haikuachiwa. Gharama ya kutengeneza uharibifu huo hupita kwa mbali bei ya matairi manne mapya.

Watengenezaji wa magari ya namna hii hutaja mipaka. Subaru husisitiza kwamba mizingo ya matairi yote manne isipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Ukirudisha hesabu hiyo kwenye kina cha meno, ni milimita 1 tu. Kampuni nyingine hulegeza kidogo, na kitabu cha gari ndicho cha kutegemewa.

Hapo mtu aweza kuuliza: je, Land Cruiser za kazi na pikapu zinazotumika mashambani? Nyingi katika hizo huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu katika lami, na mbele huunganishwa kwa mkono pale panapokuwa na matope. Zikiwa zimeachiwa, muhimu zaidi ni matairi mawili ya ekseli inayovuta yafanane. Hatari inayozungumzwa hapa ni ya gari ambalo haliachii, kama Forester nyingi zilizojaa katika miji yetu.

Sisi wa jikoni tunaijua kanuni hii bila ya hesabu. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Figa moja likivunjika, huendi kuchagua jiwe zuri kuliko yote. Unatafuta jiwe linalolingana kimo na mawili yaliyobaki, ama sivyo uji unamwagika. Jiwe jipya lililo refu mno hukishinda chungu sawasawa na lile fupi.

Dada yangu hakutaka kuamini kijiti peke yake. Aliomba uzi. Fundi akamletea kamba nyembamba ya katani, akaliinua gari kwa jeki, na dada akaizungusha kamba katikati ya uso wa tairi la nyuma la kulia, akaifunga fundo pale ilipokutana. Kisha tukarudi kwa muuzaji wa kwanza, tukamwomba ruhusa, tukaizungusha kamba ile kwenye tairi lake jipya. Fundo halikufika. Lilipungua kwa inchi nzima. Muuzaji mwenyewe alistaajabu, akacheka, akasema kwamba hata yeye hajawahi kuliona hivyo. Hakuwa mlaghai. Tairi lake lilikuwa zuri, ila halikuwa zuri kwa gari lile.

Tukabaki na njia tatu. Ya kwanza ni kununua matairi manne mapya, nayo ndiyo bora kwa mwenye uwezo, hasa ikiwa yaliyobaki yamekaribia kwisha. Ya pili hufanyika katika nchi nyingine, kama Marekani: tairi jipya huchongwa kwa mashine mpaka lilingane na wenzake. Ya tatu ni kutafuta tairi lililotumika, la kipimo kile kile, ambalo limeliwa kiasi kile kile. Dada yangu alikuwa na karo ya watoto watatu mkononi, na njia ya kwanza ingeila. Tukachagua ya tatu, na hapo ndipo tulipofahamu thamani ya rundo la Kawangware. Kitu ambacho duka la kifahari halinacho, yaani tairi lililozeeka kwa kipimo maalumu, hupatikana kwa mtu anayekusanya makuukuu.

Lakini kuukuu lina mitego yake, na fundi alitufundisha kuitegua. Kwanza, kipimo kilichoandikwa ubavuni kiwe sawa tarakimu kwa tarakimu, pamoja na namba ya uzito na herufi ya mwendo zinazofuata. Letu lilikuwa 95V, na 95 humaanisha kwamba tairi laweza kubeba kilo 690. Pili, tafuta tarakimu nne za tarehe zilizo mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Tarakimu 2321, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa haujatumika, na jua la Pwani huuzeesha haraka zaidi. Tairi lenye nyufa ndogo ubavuni liachwe hata kama meno yake ni marefu. Tatu, litazame ndani, likiwa limevuliwa rimu. Kiraka kilichofichika, mkunjo, au unga mweusi wa mpira uliosagika huonyesha kwamba liliendeshwa bila upepo. Nne, tazama vile vizingiti vidogo vilivyo chini ya mifereji, vinavyoonyesha kwamba meno yamebaki milimita 1.6. Kama havionekani, au mifereji ina kingo kali mno, huenda meno yamechongwa upya kwa kisu cha moto. Tairi la namna hiyo huonekana jipya, hali mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba kama ganda la kitunguu.

Aliyavua na kuyatupa kando matairi sita au saba. La nane lilikuwa la kipimo chetu, lenye ubavu mzima na ndani safi, na kijiti kikasoma milimita nne na nusu. Dada akaizungusha kamba yake. Fundo lilipungua kwa milimita tatu hivi, upana wa punje mbili za mchele. Fundi alitaka shilingi 4,500. Tukakubaliana 3,800, pamoja na kulifunga na kulitia balansi. Akalitoa lile tairi jembamba, akapima upepo wa magurudumu yote manne uwe sawa, kwani tofauti ya upepo nayo hubadilisha ukubwa wa tairi, kisha akachomoa fyuzi. Taa ya mbele ya dereva ikazimika.

Alasiri ilikuwa imeingia. Tulisali katika msikiti wa jirani, na nilipokuwa nimeketi baada ya sala nilifikiri juu ya watu watatu tuliokutana nao siku ile. Sura ya 83 katika Qur'ani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la watu wanaopunja vipimo: wanaotaka kutimiziwa wanapopokea, na kupunguza wanapotoa. Kijana wa Makina angeweza kuushona ubavu akachukua ujira wake, na sisi tusingejua mpaka tufike nyikani. Muuzaji wa matairi mapya angeweza kutukatalia tusilipime tairi lake. Na fundi wa Kawangware angeweza kuuza lolote katika rundo lake kwa wanawake wawili waliokuwa na haraka. Mitaa ambayo tunaambiwa tuifungie vioo vya gari ndiyo iliyotutimizia kipimo.

Dada zetu wengi sasa huendesha magari wenyewe, na wengi huogopa kwenda kwa fundi kwa kuhofia kudanganywa. Hofu hiyo haiishi kwa kumtuma shemeji. Huisha kwa kujua mambo machache na kuyasema kwa utulivu. Piga picha maandishi ya ubavu wa tairi na uyaweke katika simu. Jua kama gari lako linavuta kwa magurudumu mawili au manne. Pima kina cha meno ya matairi yote kila baada ya miezi michache, na ubadilishane mahali pake ili yaliwe sawa. Kama tairi la akiba ni la kipimo kamili, liingize katika mzunguko huo, yawe matano yanayozeeka pamoja. Siku moja likipasuka, mwenzake yuko tayari katika buti. Na ukiambiwa, "Chukua jipya, halina shaka," uliza linapishana kiasi gani na yale mengine. Muuzaji asiyetaka kujibu swali hilo, mwachie tairi lake.

Kabla hatujaondoka, mzee mmoja wa kiti cha pili alikuja kuliomba tairi letu lililopasuka. Ni mshonaji wa akala. Fundi akampa kwa shilingi chache, na fedha hizo akazipunguza katika hesabu yetu bila ya kuombwa. Mzee alilipindua, akaubonyeza ubavu uliotuletea taabu yote ile, akaonekana kuridhika: ubavu, alisema, ni laini, ndio unaofaa kwa mikanda ya viatu, uso wenye meno atakatia nyayo. Alilitia begani, akavuka barabara katikati ya matatu za namba 46, akaingia kazini.